Uhindini, Mtaani au Kando ya TANZAM: Kiwanja Kipi Kitakupa Jengo la Biashara Unalolitaka?

Baba yangu mdogo alistaafu ualimu, akapokea kiinua mgongo, na kabla hela haijakaa benki wiki mbili madalali wa Mbeya walikuwa wameshamjua kwa jina. Wakamletea vitu vitatu. Cha kwanza kiwanja kidogo Uhindini, chenye duka la zamani lililochakaa. Cha pili nyumba ya kuishi Forest, kwenye mtaa ambao majirani kadhaa wameshatoboa ukuta wa mbele na kuweka fremu. Cha tatu eneo kubwa Uyole, linalotazama barabara kuu ya TANZAM, ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana. Bei zilikaribiana. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, akaniuliza lile swali ninaloulizwa kila siku: "Mwanangu, kipi kikubwa kwa hela hii?"

Nikamwambia, baba, hilo swali lina mtego. Dalali anakuuzia mita za ardhi, lakini mpangaji atakulipa kwa mita za sakafu, na katikati yao amekaa afisa mipangomiji mwenye masharti yake. Kiwanja cha mita za mraba 360 kinaweza kukupa sakafu nyingi za kupangisha kuliko cha 600. Na cha 1,800 kinaweza kuwa cha 1,320 siku ukianza kupima kwa haki. Tukakaa na karatasi.

Maswali ya dirishani

Ukienda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri, nenda na namba ya kiwanja na kitalu. Uliza kwanza matumizi: kwenye hati na kwenye ramani ya mipangomiji pameandikwa Makazi, Biashara, au Makazi na Biashara? Halafu uliza ni asilimia ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na jengo. Halafu uwiano wa sakafu zote kwa ukubwa wa kiwanja, ambao sisi wachoraji na maofisa tunauita ploti reshio: uwiano wa 2 kwenye kiwanja cha mita za mraba 400 maana yake sakafu za mita 800, ukijumlisha za chini na za juu. Mwisho setibeki, yaani mita za kurudi ndani kutoka mpaka wa mbele, wa pembeni na wa nyuma.

Watu huchanganya asilimia ya kufunika na ploti reshio, na mkanganyiko huo una gharama. Unaweza kuruhusiwa ghorofa nne lakini ufunike nusu tu ya kiwanja, au uruhusiwe kufunika karibu kiwanja chote lakini usipande zaidi ya ghorofa moja. Kila sharti linabana kwa upande wake, na linalobana zaidi ndilo linaloamua jengo lako. Na kama kiwanja ni cha kona, ambacho kila dalali hukisifu, kumbuka kina mbele mbili. Utarudi nyuma kutoka barabara zote mbili, na kwenye pembe yenyewe utatakiwa uache nafasi ili dereva aone anayekuja.

Msingi wa yote haya ni Sheria ya Mipangomiji ya 2007 na kanuni zake, pamoja na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008 kwa mamlaka za miji. Namba zenyewe hutofautiana eneo kwa eneo, kwa hiyo asilimia na uwiano nilivyotumia kwenye hesabu hii ni vya mfano, vya kukuonyesha njia. Vyako utapewa na halmashauri yako.

| | Uhindini | Forest | Uyole |
|---|---|---|---|
| Vipimo anavyotaja muuzaji | 15 × 24 | 20 × 30 | 30 × 60 |
| Mita za mraba | 360 | 600 | 1,800 |
| Baada ya kutoa hifadhi ya barabara (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara) | 360 | 600 | 1,320 |
| Kufunika (70%, 50%, 50%) | 252 | 300 | 660 |
| Sakafu zote (uwiano 2, 0.8, 1) | 720 | 480 | 1,320 |
| Za kupangisha, kwa hali halisi | kama 480 | kama 90, nyumba ikibaki | 660, ukijenga chini tu |

Mstari wa mwisho ndio uliomfanya baba mdogo avue miwani. Imetokea vipi?

Uhindini: kiwanja kidogo, masharti makarimu, maegesho hakuna

Katikati ya mji wa zamani, iwe Uhindini hapa Mbeya au Miyomboni kule Iringa, maduka yamejengwa hadi kwenye mstari wa mbele. Veranda inafunika njia ya waenda kwa miguu na kuta za majirani zinagusana. Ndiyo faida yake kubwa: hupotezi mita tano za mbele, na uwiano huwa mkubwa kwa sababu mji unataka kupanda juu. Uliza hata kinyume chake, kwamba je, mpango wa eneo hilo umeweka idadi ya chini ya ghorofa? Ukinunua kiwanja cha katikati kwa nia ya kujenga duka moja la chini, unaweza kukuta hupewi kibali kwa sababu jengo lako ni fupi mno.

Kwenye mfano wetu, jengo la upana wa mita 12 na kina cha mita 20 linafunika mita za mraba 240. Chini na ghorofa mbili ni 720, sawasawa na uwiano. Pembeni inabaki mita 3 za njia ya gari, nyuma mita 4. Kwenye karatasi ni pazuri kabisa.

Sasa weka maegesho. Chukulia unatakiwa nafasi moja ya gari kwa kila mita 100 za sakafu. Sakafu 720 ni magari saba, na gari moja, ukihesabu na nafasi ya kugeuzia, linakula kama mita za mraba 25. Nyuma ya jengo lako yanaingia mawili, tena kwa ubavu. Waliobaki utawaweka wapi? Njia ninayoitumia ni kukata nusu ya nyuma ya sakafu ya chini, mita 120, iwe maegesho yenye paa. Sakafu ya biashara inashuka kuwa 600, magari yanayotakiwa yanakuwa sita, na hesabu inakubali. Toa ngazi, vyoo na korido, kama moja ya tano, unabaki na 480 za kupangisha.

Nakiri sharti la maegesho ndilo ninalogombana nalo zaidi kwa sehemu za katikati. Wateja wengi wa Uhindini wanashuka kwenye bajaji au wanatembea kutoka kituo cha daladala. Kuna miji iliyolifikiria upya: Buffalo, huko jimbo la New York, Marekani, ulifuta kiwango cha chini cha maegesho kwa majengo mwaka 2017, mwenye jengo akaachiwa aamue. Sisi hatujafika huko. Ukipeleka michoro isiyo na maegesho itarudishwa, na ukiniuliza mimi, bora uyachore vizuri kuliko kuchora yale ya uongo ambayo baadaye yanageuzwa stoo.

Kitu kingine cha katikati ni sakafu ya chini ikae juu kiasi gani. Mbeya imeegemea miguu ya mlima Loleza na Iringa imekaa juu ya kilima, kwa hiyo kiwanja tambarare ni bahati. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na mteremko wa kiti cha magurudumu kwa kawaida huchorwa moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji mita 1.2 za urefu. Sakafu yako ikiwa sentimita 60 juu ya barabara, unahitaji mteremko wa mita 7.2. Mahali ambapo hakuna setibeki ya mbele, mteremko huo hauna pa kukaa ila ndani ya jengo, yaani ndani ya sakafu unayotaka kupangisha. Ndiyo maana kwenye viwanja vya mteremko napenda kuingilia kutoka mitaa miwili ya urefu tofauti, kama kiwanja kinapakana nayo. Sakafu ya chini inafunguka mtaa wa bondeni, ya juu yake inafunguka mtaa wa kilimani, na zote mbili zinalipwa kodi ya sakafu ya chini. Ukipata kiwanja cha namna hiyo Iringa, usikiachie.

Na veranda, tafadhali. Mvua za huku zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Wale waliojenga maduka ya zamani walilijua hilo, wakaweka kivuli kinachoungana duka hadi duka. Siku hizi mwenye jengo jipya anaifunga veranda kwa vioo apate mita kumi zaidi. Halafu anashangaa wateja wanavyokimbilia upande wa pili wa barabara mvua ikinyesha.

Gharama ya Uhindini iko kwenye ujenzi. Ghorofa la biashara linataka michoro ya msanifu aliyesajiliwa, ya mhandisi wa mihimili, mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Makandarasi, na udongo upimwe kabla. Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa, jirani na milima ya volkano ya Rungwe, na ardhi ya huku hutikisika. Mhandisi anayekunakilia mihimili ya jengo la mahali pengine mkimbie. Ukiwa na ndugu wawili watatu wa kuchangiana, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila mmoja awe na hati ya sakafu yake. Peke yako, kwa kiinua mgongo cha mwalimu, utaishia kwenye slabu ya kwanza, nondo zinaota kutu zikitazama mbingu. Na kibali kina muda wake.

Forest: fremu sita za ndotoni, tatu za kweli

Hapa ndipo watu wengi wanapopita, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Hesabu ya kichwani huwa hivi: mbele ya nyumba kuna mita 20, fremu moja ni mita 3 na kitu, basi fremu sita, kodi ya miezi sita mbele, na anayeondoka anachukua kilemba kutoka kwa anayeingia. Chora sasa kwenye karatasi. Nyumba iliyoko nyuma inahitaji njia, na gari liingie: mita 3. Upande wa pili setibeki ya mita 1.5. Unabaki na mita 15.5. Hizo ni fremu tatu nzuri za mita 5, au nne nyembamba. Setibeki ya mbele ikiwa mita 5, huwezi kuzisogeza hadi barabarani, na nyuma yake nyumba ipo. Kina kitakuwa mita 6. Mita za mraba 90.

Zile mita 5 za mbele zisikuume. Ndiyo maegesho yako, na ndipo mteremko wa kiti cha magurudumu unapokaa bila ugomvi. Fremu zilizosukumwa hadi kwenye ukingo wa mtaro zinaonekana zimepata faida, kumbe bodaboda wanaegesha mlangoni na mteja wa gari anapita anatafuta duka lenye pa kusimama.

Kikwazo cha kweli cha Forest kimeandikwa kwenye hati: Makazi. Jirani kuwa na fremu hakukupi wewe haki, inawezekana jirani naye anasubiri siku yake ya kubandikiwa amri ya kusimamisha ujenzi. Njia halali ni kuomba kubadili matumizi ya ardhi kupitia halmashauri. Majirani hupewa nafasi ya kusema, ombi linapita kwenye vikao, na likikubaliwa masharti ya hati hubadilishwa. Kodi ya pango la ardhi nayo hupanda, kwa kuwa biashara hutozwa zaidi ya makazi. Kabla ya kununua, muulize afisa mipangomiji kama kwenye mtaa huo yameshapita maombi ya aina hiyo, na kama ramani inaonyesha barabara hiyo ni ya biashara ndogo au imeachwa makazi matupu. Jibu la kwanza likiwa hapana na la pili makazi matupu, achana nayo. Na kama eneo lenyewe ni la urasimishaji, yaani watu walijenga kwanza na upimaji ukafuata, angalia upana wa barabara kwenye mchoro uliopitishwa. Kuna viwanja ambavyo ukuta wa nyumba yenyewe uko ndani ya barabara ya kesho.

Halafu chemba. Sehemu za katikati ya Mbeya na Iringa zina mtandao wa majitaka, mtaani mara nyingi hakuna. Wapangaji wa fremu wanahitaji choo, choo kinahitaji chemba na shimo la kunyonya, na lori la kunyonya majitaka linahitaji njia ya kufika. Yote hayo yanapigania ile njia moja ya mita 3. Nimeona saluni nne zikitegemea choo cha mama mwenye nyumba. Haikudumu.

Na moto. Mbeya tunaujua moto wa maduka kwa majina: Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006, na soko la SIDO likaungua Agosti 2017. Fremu ni soko dogo. Fundi akizijenga, mara nyingi ukuta wa kutenganisha fremu na fremu unaishia kwenye dari, na juu ya dari bati ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Moto ukianza kwa fundi simu, unasafiri juu ya dari na kushukia kwenye nguo za jirani kabla mtu hajanusa moshi. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: panda na tofali hadi bati, tena likate bati ukuta utokeze juu kidogo. Kila fremu iwe na swichi kuu yake. Nyuma pawe na mlango. Michoro ya jengo la biashara hupitiwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na wakikuambia gari lao halipiti kwenye geti lako, usibishane nao, panua geti.

Kimoja cha ladha yangu tu: fremu za kontempo, zile za paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Zinapendeza picha. Kwa mvua ya Mbeya, maji yakiziba kwenye mfereji ule wa ndani mwezi Februari, mpangaji wako atakupigia usiku. Kama halmashauri inataka sura inayofanana mbele, weka ukuta mfupi wa mbele wa kubebea vibao vya majina, na bati ulimwage nyuma kwa mteremko wa kutosha. Vibao vyote vikae kwenye mstari mmoja juu ya milango. Mtaa unaonekana una heshima, na hupati mpangaji anayepaka jengo zima rangi ya kampuni ya simu bila kukuuliza.

Uyole: kamba ya mita 30

Eneo la Uyole lilimvutia baba mdogo kuliko yote. Pana, tambarare, njia panda ya Tukuyu na Kyela iko jirani. Muuzaji alitupeleka, akatuonyesha jiwe la mbele, akatuonyesha la nyuma, mita 60 kamili. Mimi nilikuwa na kamba ya kupimia kwenye mkoba.

Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, ndiyo maana huko kando ya TANZAM utaona nyumba zenye X za rangi mbili. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi, halipwi. X ya kijani ni ya yule ambaye upana mpya ulimkuta hapo, huyo hulipwa fidia akitakiwa kupisha. Kwa anayenunua leo tofauti hiyo haina faida: kujenga kipya ndani ya mita 30 hutapewa kibali.

Tukasubiri malori yapungue, mpwa wangu akashika mwanzo wa kamba katikati ya lami. Jiwe la muuzaji tulilifikia kwenye mita 14. Tukaendelea. Mita 30 ilipofika tulikuwa tumeshapita mgomba wake, kisima chake, na ukuta wa jiko. Mita 16 ndani ya kile anachokiita kiwanja, mara upana wa 30: mita za mraba 480 ambazo unalipia na hutazijenga. Dalali akasema twende, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe pe.

Ndani ya mji uliopangwa, ramani ya mipangomiji nayo ina upana wake wa barabara, kwa hiyo mwombe mpima akuonyeshe mistari yote miwili chini, ya ramani na ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, kisha pima kutoka ulio ndani zaidi. Hapo ndipo setibeki inapoanza. Anayechanganya hifadhi na setibeki, akidhani akirudi mita 5 kutoka kwenye mtaro amemaliza, ndiye anayekuja kubomolewa.

Kosa la ukubwa mdogo kuliko hilo nililifanya mwenyewe miaka ya nyuma, kwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara. Jengo nililiweka mahali pake sawasawa, lakini ngazi za mbele nikazichora nje ya mstari, nikijiambia ngazi si jengo. Mtaro ulipokuja kupanuliwa, ngazi zikaenda. Sakafu ikabaki juu kama meza, wateja wanapanda kwa kukanyaga mawe na mifuko ya saruji inashushwa kwa ubao. Mwenye duka hajanitukana mpaka leo, na hiyo ndiyo inaniuma. Ngazi, mteremko, paa linalotokeza, chemba, bango: vyote vihesabu kuwa jengo.

Kuna na jambo la kuingia. Kukata njia kutoka barabara kuu kwenda kwenye eneo lako kunahitaji ruhusa ya TANROADS, na barabara ikiwa ya njia nne, kama inavyojengwa kutoka Nsalaga hadi Ifisi, katikati panawekwa kizuizi. Mteja anayetoka upande wa pili hawezi kukunja anapotaka, anaenda mbele hadi pa kugeuzia. Duka la vitu vidogo linakufa kwa hilo. Yadi ya mbao, nondo, vipuri vya malori au ghala la mazao halifi, kwa sababu mteja wake amekuja kwa safari maalumu. Na mpango wa barabara ya mchepuo ya Uyole hadi Songwe ukikamilika, malori ya Zambia yatapita nje ya mji. Hoteli ya madereva uijenge ukijua hilo.

Iringa suala hili limekaa tofauti, kwa sababu TANZAM haiingii mjini. Inapita chini, Ipogolo, mji uko juu. Ipogolo na Igumbilo, ambako standi ya mabasi ilihamia, ndiko kwenye hesabu za kamba ya mita 30, na Miyomboni ni hesabu za maegesho na veranda. Mafinga na Makambako ni miji iliyoota kando ya barabara, kwa hiyo huko chukua kamba kila unakokwenda.

Uzuri wa Uyole upo. Ukishatoa hifadhi, mita 1,320 zilizobaki hazina ubishi wa maegesho: unafunika 660, nusu inabaki wazi, lori linageuka. Uwiano wa 1 unakuruhusu kuongeza ghorofa, ila sijaona mtu anayelipa kodi ya maana kwa ghorofa ya kwanza juu ya ghala. Jengo la chini, kuta za tofali, vyuma vya paa, mlango mpana. Gharama kwa mita ni ndogo kuliko ghorofa la Uhindini, na kodi kwa mita ni ndogo vilevile. Bei ndiyo ya kurekebisha: mlipe muuzaji mita 1,320, si 1,800. Wetu alikataa.

Nani achukue kipi

Mwenye mtaji mkubwa au ndugu wa kushirikiana, anayelenga duka la dawa, benki ndogo, ofisi za mawakili, kliniki: Uhindini au Miyomboni, hata kama kiwanja ni kiduchu. Mwenye biashara ya vitu vizito ambaye jengo atalitumia mwenyewe: kando ya barabara kuu, baada ya kamba. Mstaafu anayetaka kodi ya kila miezi sita huku akilala ndani ya nyumba yake: mtaani, ila mkataba wa kununua uandikwe kwamba malipo ya mwisho yanasubiri majibu ya kubadili matumizi. Muuzaji akigoma kuandika hivyo, ujue analijua jibu.

Kwa wote watatu, kibali kwanza. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, lakini nenda na ofisini kwa miguu, ukae na afisa mbele ya ramani kubwa ya ukutani. Mambo mengi niliyokueleza hapa, mtu mmoja pale anaweza kukujibu ndani ya nusu saa, bila hela, kabla hujamlipa dalali hata nauli.

Baba mdogo alichukua Forest. Ombi lake la kubadili matumizi limeshapelekwa, majirani wawili wamesaini kwamba hawana neno, wa tatu anataka kwanza aahidiwe kwamba haitakuwa baa. Michoro iko mezani kwangu: fremu tatu, kila moja na ukuta wake hadi bati, mbele mita tano tupu. Jana amepiga simu kuuliza kama kweli haiwezekani ya nne ikabanwa hapo kwenye njia ya geti.